Kitoweo cha Siku za Kawaida: Historia ya Obanzai, kutoka Jiko la Nyumba hadi Mkahawa wa Kyoto

Katika mji wa Kyoto, uliokuwa makao ya wafalme wa Japani kwa zaidi ya miaka elfu moja, ipo mikahawa ambayo sifa yake haitokani na upishi wa kifalme hata kidogo. Juu ya kaunta ya mbao hupangwa mabakuli makubwa ya udongo yenye vyakula vilivyopikwa tangu mchana: biringanya zilizotokoswa pamoja na samaki mkavu, mboga za majani zilizoiva katika mchuzi mwepesi na vipande vya tofu ya kukaanga, machicha ya soya yaliyokaangwa na karoti, au pilipili ndefu za kijani zisizowasha zilizopikwa na dagaa. Mteja huchagua viwili au vitatu kati ya hivyo, akaletewa na wali, supu na achari, na anapokula hujua msimu umefika wapi bila kutazama kalenda. Vyakula hivi huitwa obanzai, jina ambalo leo linatumika kwa vitoweo vya nyumbani vya Kyoto, yaani kila kinacholiwa pamoja na wali katika siku isiyo ya karamu.

Kihistoria, kile kinachouzwa katika mikahawa hii hakikuwa bidhaa, wala hakikuwa chakula cha wageni. Kilikuwa sehemu ya utaratibu wa ndani wa nyumba za wafanyabiashara na mafundi wa mjini, utaratibu uliosimamiwa na wanawake, uliofuata tarehe za mwezi na majira ya mwaka, na uliolenga kulisha watu wengi kwa gharama ndogo bila kutupa chochote. Namna chakula hicho kilivyotoka jikoni na kuingia sokoni katika karne ya 20 ni habari inayostahili kuchunguzwa kwa uzito uleule unaopewa karamu za mabwana na wafalme, kwa sababu ndani yake imo historia ya watu walio wengi.

Mji ulio mbali na bahari

Umbo la upishi wa Kyoto lilitokana kwanza na mahali mji ulipo. Mji huo ulianzishwa mwaka 794 kuwa makao makuu ya dola, katika bonde lililozungukwa na milima upande wa mashariki, kaskazini na magharibi, lenye fukuto kubwa wakati wa joto na baridi kali wakati wa kipupwe, na ulibaki kuwa makao ya mfalme hadi alipohamia Tokyo mwaka 1869. Bonde hilo lina mito na visima vingi, lakini halina pwani. Katika nchi ya visiwa, ambamo watu wa pwani waliweza kula samaki siku ileile waliyovuliwa, wakazi wa mji mkuu walitegemea samaki waliotiwa chumvi, waliokaushwa, au wale wachache walioweza kuvumilia safari wakiwa hai.

Samaki wa chumvi walitoka hasa Wakasa, jimbo la pwani ya Bahari ya Japani ambalo tangu zama za kale lilikuwa na wajibu wa kupeleka vyakula vya baharini kwenye jumba la mfalme. Kutoka bandari ya Obama hadi Kyoto kuna takriban kilomita 70 za njia ya milimani, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Saba Kaido, yaani barabara ya vibua, kwa kuwa Wajapani huwaita samaki wa jamii hiyo saba. Wachukuzi waliwatia vibua chumvi pwani, wakawabeba migongoni kupitia mabonde na vilele, na hadi walipofika Demachi, penye makutano ya mito kaskazini mwa mji, chumvi ilikuwa imekwisha kukolea vizuri. Ndiyo maana sushi iliyozoeleka katika nyumba za Kyoto si ile ya samaki mbichi, bali ni ya kibua aliyetiwa chumvi na siki, akalazwa juu ya wali na kukazwa kwa kitambaa, chakula ambacho familia zilikiandaa siku za sherehe za mtaa na kuwagawia jamaa na majirani.

Samaki wakavu, pamoja na kombu, ambao ni mwani mpana wa bahari za baridi, walitoka mbali zaidi. Katika karne ya 18 na ya 19, meli za biashara zilizoitwa kitamaebune zilizunguka pwani ya Bahari ya Japani kati ya Osaka na kisiwa cha Hokkaido, zikirudi na heringi waliopasuliwa na kukaushwa, chewa wa bahari za baridi waliokaushwa hadi wakawa wagumu kabisa, na marobota ya kombu. Sehemu ya shehena hiyo iliteremshwa katika bandari za Tsuruga na Obama, ikapita nchi kavu hadi Ziwa Biwa, ikavushwa kwa mashua, kisha ikaingia Kyoto kutoka upande wa mashariki. Hivyo mji usio na bahari ukawa mji unaotegemea bahari ya mbali kuliko miji mingi ya pwani.

Vitu hivyo vilidai maarifa na muda. Heringi mkavu ana mafuta yaliyochacha na harufu kali, kwa hiyo mpishi wa Kyoto humlowesha usiku kucha katika maji yaliyooshea mchele, maji ambayo kwingineko yangemwagwa, nayo humlainisha na kumwondolea ukali. Kisha humtokosa polepole kwa mchuzi wa soya na sukari kidogo, akamtoa, na ule mchuzi uliobaki, wenye mafuta na ladha ya samaki, hutumika kupikia biringanya za majira ya joto. Chewa mkavu hudai uvumilivu zaidi: huloweshwa kwa siku nyingi huku maji yakibadilishwa, ndipo apikwe pamoja na ebi-imo, aina ya magimbi yaliyopinda. Samaki na magimbi hayo huwekwa katika sufuria moja kwa sababu kila kimoja humsaidia mwenzake: utomvu wa magimbi hulainisha samaki, na ute wa samaki huzuia magimbi yasivunjike.

Kombu, kwa upande wake, ndiyo iliyoweka msingi wa ladha yote. Ikiloweshwa katika maji na kupashwa moto taratibu, ikatolewa kabla maji hayajachemka, huacha mchuzi mwepesi uitwao dashi, ambao huongezewa nguvu kwa minofu mikavu ya samaki wa jamii ya jodari au, katika nyumba za kawaida, kwa dagaa wakavu. Maji ya visima vya Kyoto hayana madini mengi, na maji ya namna hiyo hutoa ladha ya kombu kwa urahisi, jambo lililowawezesha wapishi wa mji huo kupika mboga bila kuzifunika kwa viungo vizito. Sayansi ilikuja kulieleza jambo hilo baadaye: mwaka 1908 mkemia Ikeda Kikunae, mzaliwa wa Kyoto, alitenga kutoka katika kombu kemikali iitwayo glutamati na kuonyesha kwamba ndiyo chanzo cha ladha ambayo aliipa jina la umami, ladha ya msingi iliyo tofauti na utamu, uchungu, uchachu na chumvi.

Miongoni mwa samaki walioweza kufika hai wakati wa joto, aliyepata heshima kubwa ni hamo, mkunga wa baharini anayestahimili muda mrefu nje ya maji. Mwili wake umejaa miiba midogo isiyong'oleka, na dawa yake ni kisu kizito chenye makali ya kutosha: mpishi humlaza mkunga aliyepasuliwa, ngozi ikiwa chini, akakata nyama na miiba yake bila kuitoboa ngozi, mkato baada ya mkato, hadi mikato ipatayo 24 katika urefu wa sentimita tatu, huku sauti ya miiba inayokatika ikisikika. Nyama hiyo iliyokatwa vizuri ikitumbukizwa katika maji ya moto hufunguka na kuwa nyeupe, na ndiyo chakula kikuu cha karamu za mwezi Julai, wakati wa tamasha la Gion. Lakini familia zisizo na uwezo hazikukosa sehemu yao. Watengenezaji wa maandazi ya samaki walichukua nyama na kuuza ngozi kwa bei nafuu, nayo ngozi ilichomwa, ikakatwa nyembamba na kuchanganywa na matango na siki. Karamu na kitoweo cha nyumbani vilitoka kwa samaki mmoja, na tofauti yao ilikuwa ni nani aliyepata nyama na nani aliyejua la kufanya na ngozi.

Mashamba, mahekalu na soko

Upungufu wa samaki ulifidiwa na wingi wa mboga. Katika karne ya 18 Kyoto ilikuwa na wakazi zaidi ya 300,000, na vijiji vilivyouzunguka mji vililima kwa ajili yao. Wakulima walikusanya mavi na mikojo ya mjini kuwa mbolea, mara nyingi wakilipa kwa mboga, hivyo kukawa na mzunguko ambao shamba lilimlisha mkazi na mkazi akalirutubisha shamba. Kwa vizazi vingi wakulima walichagua mbegu zilizofaa udongo wao, na majina ya vijiji yakawa majina ya mazao: biringanya nono za mviringo za Kamo, figili kubwa za mviringo za Shogoin, vitunguu vya majani vya Kujo, pilipili za Fushimi, na majani ya mibuna kutoka Mibu. Wanawake wa Kamigamo, kaskazini mwa mji, walipita mlango hadi mlango wakiuza mboga kwa wateja waliowafahamu kwa majina, wakiwaeleza lililo tayari shambani na namna ya kulipika, na desturi hiyo haijatoweka kabisa hadi leo, ingawa mikokoteni imeachia nafasi magari madogo.

Dini nayo iliongeza nguvu ya mboga. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alikataza watu wasile nyama ya ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa, na ingawa wanyama wengine wa porini hawakutajwa na sheria haikufuatwa sawasawa kila mahali, maagizo ya namna hiyo, yakisaidiwa na mafundisho ya Kibudha, yaliufanya ulaji wa nyama uwe jambo la aibu mjini kwa karne nyingi. Katika mahekalu ya Kyoto ulikua upishi uitwao shojin ryori, upishi wa watawa usiotumia nyama wala samaki. Mtawa Dogen, aliyeishi kati ya mwaka 1200 na 1253, aliandika mwaka 1237 mwongozo kwa mpishi wa hekalu, ambamo alifundisha kwamba kuosha mchele na kuchambua majani ni sehemu ya ibada, na kwamba mpishi hapaswi kudharau mboga duni wala kushangilia chakula cha thamani. Kutoka mahekaluni vilienea tofu, yaani tui la soya lililogandishwa, yuba, ambayo ni utando unaoganda juu ya tui hilo linapopashwa moto, pamoja na ustadi wa kuzipa mboga ladha kamili bila msaada wa nyama.

Mahali ambapo bahari, shamba na hekalu vilikutana ni soko la Nishiki, mtaa mwembamba katikati ya mji ambao wauza samaki wake walipata kibali rasmi cha utawala wa Tokugawa mwaka 1615. Visima vya eneo hilo vilitoa maji baridi yaliyofaa kuhifadhi samaki, na baadaye wauza mboga nao walijiunga. Mchoraji Ito Jakuchu, aliyezaliwa mwaka 1716 na kufariki mwaka 1800, alikuwa mrithi wa duka la jumla la mboga katika mtaa huo, na katika miaka ya 1770 alijitahidi kulitetea soko lilipokuwa hatarini kufungwa. Miongoni mwa kazi zake upo mchoro wa wino unaoonyesha kifo cha Buddha, lakini mahali pa Buddha amelazwa figili mkubwa, na waombolezaji waliomzunguka ni biringanya, maboga, uyoga na magimbi. Mchoro huo, unaohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Kyoto, ni ushahidi wa heshima ambayo mtu aliyekulia sokoni aliipa mboga, na heshima hiyohiyo ndiyo iliyotawala jikoni.

Jiko la nyumba ya mfanyabiashara

Nyumba za wafanyabiashara wa Kyoto, ziitwazo machiya, ni nyembamba mbele na ndefu kuelekea nyuma. Duka lilikuwa mbele, makazi yalifuata, na ubavuni ulipita ukumbi wenye sakafu ya udongo uliounganisha barabara na ua wa nyuma. Katika ukumbi huo ndimo lilimokuwa jiko: kisima, sinki la mawe, na meko ya udongo yenye matundu kadhaa ya kuwekea vyungu, huku juu yake nafasi ikiachwa wazi hadi kwenye paa ili moshi na joto vipate njia. Ukutani palibandikwa hati ya kinga ya moto iliyoletwa kutoka hekalu la Mlima Atago, kwa kuwa moto uliopika chakula ndio uliokuwa adui mkubwa wa mji wa mbao.

Walioishi na kula humo hawakuwa baba, mama na watoto peke yao. Palikuwa na makarani, watumishi na wanagenzi walioingia wakiwa wadogo kujifunza biashara, na wote walilishwa na jiko moja. Kwa sababu hiyo mama mwenye nyumba alihitaji utaratibu uliomwondolea mzigo wa kuamua kila siku na uliohakikisha kwamba chakula kinatosha, kina afya na hakigharimu sana. Utaratibu huo ulikuwa kalenda ya vitoweo, ambayo ilitofautiana kidogo kati ya nyumba na nyumba. Siku ya kwanza ya mwezi ulipikwa wali wenye maharagwe madogo mekundu, ukaliwa na heringi mkavu aliyepikwa na kombu. Tarehe zenye nane, yaani 8, 18 na 28, zilikuwa za arame, mwani mweusi mwembamba unaotokoswa na tofu ya kukaanga. Siku ya 15 ilikuwa ya wali wa maharagwe tena, pamoja na magimbi na chewa mkavu. Siku ya mwisho ya mwezi, wakati hesabu za duka zilipofungwa, yalipikwa machicha ya soya, yale yanayobaki baada ya soya kukamuliwa tui la tofu, ambayo bei yake ilikuwa ndogo mno.

Kalenda hiyo ilibeba lishe na imani kwa pamoja. Mwani, maharagwe na soya vilirudi mezani kila baada ya siku chache, hata kama hakuna aliyezungumza juu ya madini au protini. Katikati ya Agosti, wakati wa siku za kuwakaribisha mizimu wa familia, nyumba nyingi zilipika arame asubuhi ya tarehe 16 na kumwaga maji yake meusi mbele ya mlango, ili mizimu waage na kurudi zao, na usiku wa siku hiyo moto mkubwa uliwashwa milimani kuwasindikiza. Kitoweo kilekile cha bei nafuu kikawa sehemu ya ibada, bila kuhitaji padri wala gharama.

Nguzo ya maadili ya jiko hili iliitwa shimatsu, neno linalobeba maana ya mwanzo na mwisho, na ambalo watu wa Kyoto walilitumia kwa tabia ya kutumia kitu chote hadi mwisho wake. Kwa figili moja, mzizi ulitokoswa, ganda lilikatwa nyembamba na kukaangwa, na majani yalipikwa na dagaa. Tabia hiyo haikuwa ubahili, na wanafalsafa wa wafanyabiashara walijitahidi kuonyesha tofauti hiyo. Ishida Baigan, aliyezaliwa katika familia ya wakulima mwaka 1685 na kufanya kazi kwa miaka mingi katika nyumba za biashara za Kyoto, alianza mwaka 1729 kutoa mihadhara isiyo na kiingilio mjini humo, akifundisha kwamba uwekevu wa kweli si kujilimbikizia bali ni kutumia vitu kwa namna inayohifadhi haki ya kila kitu na kila mtu. Mafundisho yake yalipata wasikilizaji kwa sababu yaliwaambia wafanyabiashara jambo ambalo wake zao walikuwa wakilitenda kila siku jikoni.

Mgeni alipofika, hata hivyo, kalenda hii iliwekwa kando. Kumpa mgeni machicha ya soya kungekuwa kumvunjia heshima, kwa hiyo nyumba iliagiza chakula kutoka kwa shidashi-ya, wapishi wanaopika na kupeleka chakula kamili nyumbani kwa mteja. Kwa wenye uwezo ulikuwepo pia upishi wa kaiseki, uliokua pamoja na sherehe ya chai chini ya mabwana kama Sen no Rikyu, aliyefariki mwaka 1591, ambaye alipendelea mlo mdogo wa wali, supu na vitoweo vichache badala ya meza zilizosheheni, lakini ambao katika karne zilizofuata uligeuka kuwa karamu ya gharama katika nyumba za kifahari. Hivyo mji ulikuwa na upishi wa aina mbili uliotumia mboga zilezile, mchuzi uleule na visu vilevile: mmoja ulitazamwa na wageni, ukaandikwa na kusifiwa, na mwingine ulifanyika nyuma ya duka, ukapokezanwa kati ya mama mkwe na mkazamwana bila maandishi.

Kutoka jikoni hadi kaunta

Maandishi machache yaliyogusa upishi wa nyumbani yalitokea mwishoni mwa enzi ya Tokugawa, wakati vitabu vya mapishi vilipokuwa biashara kubwa ya wachapishaji. Mwaka 1782 kilichapishwa Osaka kitabu cha mapishi mia moja ya tofu, ambacho kilinunuliwa sana kwa burudani na kwa matumizi pia. Mwaka 1849 kilitokea kitabu kiitwacho Nenju banzai roku, orodha ya vitoweo vya kawaida vya mwaka mzima, ambacho kiliacha kwa makusudi vyakula vya fahari na kushughulikia vile ambavyo mwanamke wa nyumbani angeweza kuvipika kwa vitu alivyo navyo. Humo ndimo jina la obanzai linapoonekana likiwa na maana inayokaribiana na ya leo, ingawa katika mazungumzo ya kila siku wakazi wengi wa Kyoto waliendelea kusema okazu, yaani kitoweo tu.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika karne ya 20. Mfalme alikuwa amekwisha kula nyama ya ng'ombe hadharani mwaka 1872, na vyakula vya Kimagharibi viliingia mijini polepole. Mwaka 1941 mchele ulianza kugawiwa kwa mgao katika miji mikubwa sita, Kyoto ikiwa mojawapo, na miaka ya njaa iliyofuata ikaifanya kalenda ya vitoweo ishindikane. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mkate na maziwa viliingia katika milo ya shule, na kuanzia mwaka 1956 magari yaliyobeba majiko yalizunguka nchini yakifundisha akina mama kupika kwa ngano na mafuta, kwa msaada wa fedha za Marekani iliyokuwa ikitafuta soko la nafaka zake. Kadiri friji na majiko ya gesi yalivyoenea, meko ya udongo yalibomolewa, na wanagenzi waliokuwa wakila kwa bwana wao wakawa waajiriwa wanaorudi kwao jioni.

Katika hali hiyo, Januari 1964, toleo la Kyoto la gazeti la Asahi Shimbun lilianza kuchapisha safu yenye jina la Obanzai, iliyoandikwa na wanawake watatu wa mjini. Aliyejulikana zaidi kati yao ni Omura Shige, aliyezaliwa mwaka 1918 katika mtaa wa Gion, binti wa mwenye duka la shidashi, ambaye aliandika kwa lahaja ya Kyoto juu ya vitoweo, vyombo, sherehe ndogo na tarehe za nyumbani. Mwaka huohuo treni ya mwendo kasi ilianza kati ya Tokyo na Osaka, Michezo ya Olimpiki ilifanyika Tokyo, na mnara mrefu ulijengwa mbele ya stesheni ya Kyoto. Haikuwa bahati kwamba maelezo ya kina ya jiko la nyumbani yalianza kuandikwa wakati huo, kwa kuwa watu huandika yaliyozoeleka wanapohisi kwamba yanawaponyoka. Omura alifariki mwaka 1999, na vyombo vya nyumba yake, maelfu kwa maelfu, vilipelekwa katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Ethnolojia, Osaka. Kwa njia hiyo sufuria, mabakuli na vitambaa vya mwanamke mmoja wa mjini vimepata hadhi ya ushahidi wa kihistoria.

Mwaka 1970 shirika la reli la taifa lilianzisha kampeni ya utalii wa ndani, na majarida mapya ya wanawake vijana yakaielekeza hadhira yake Kyoto. Wasafiri hao hawakuwa na pesa za karamu ya kaiseki, wala hawakuwa na jamaa mjini wa kuwapikia. Waliwakuta wapishi, wengi wao wanawake, waliofungua vyumba vidogo vyenye kaunta na kupanga mabakuli makubwa mbele ya wateja. Mpangilio huo ulimwezesha mtu mmoja kupika mapema, kuhudumia peke yake na kuzungumza na walioketi, na ulifaa kwa vitoweo vya Kyoto kwa sababu vingi kati yake hunoga zaidi vinapopoa na kukolea. Neno lililotoka gazetini likawa bango la biashara, na katika miongo iliyofuata likaenea hadi kwenye hoteli na maduka makubwa.

Kilichohifadhiwa na kilichopotea

Tathmini ya mikahawa hii inapaswa kuwa ya haki. Imesaidia kuyaokoa mazao yaliyokuwa yakielekea kutoweka, kwa kuwa wakulima waliokuwa wakiacha biringanya za Kamo na pilipili za Fushimi kwa sababu ya mavuno madogo walipata tena wanunuzi wa kudumu, na mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ya mkoa wa Kyoto iliweka vigezo rasmi vya mboga za asili, ikizitambua zile zilizoingia kabla ya enzi ya Meiji, iliyoanza mwaka 1868. Imehifadhi pia ujuzi usiojifunzika kwa kusoma peke yake: kuchemsha machipukizi ya mianzi kwa pumba za mchele ili kuondoa ukakasi, na kuyaunganisha na mwani mpya wa majira ya kuchipua kwa sababu vyote viwili huwa tayari wakati mmoja. Na imewapa wanawake wapishi jina na kipato, jambo ambalo jiko la zamani halikuwapa.

Kilichoshindwa kuhama ni kalenda yenyewe. Mkahawa hauwezi kumwambia mteja kwamba leo ni tarehe 8 na kwa hiyo atakula arame kama wanavyokula majirani wote, kwa kuwa mteja hununua uhuru wa kuchagua, ilhali nguvu ya obanzai ilikuwa katika kutochagua, katika mlo mmoja uliowaketisha bwana na mwanagenzi chini ya sheria moja ya uwekevu. Ndiyo maana takwimu za taifa zina uzito katika mjadala huu. Mwaka 1962 Mjapani mmoja alikula wastani wa kilo 118 za mchele kwa mwaka, na kufikia mwaka 2020 wastani huo ulikuwa umeshuka hadi karibu kilo 50, na mchele unapopungua, vitoweo vilivyobuniwa kwa ajili yake hupoteza mahali pake. Nyumba za machiya nazo, ambazo Kyoto ilihesabu takriban 48,000 mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, zilibaki takriban 40,000 mwaka 2016.

Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza utamaduni wa chakula wa Wajapani, washoku, katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika. Wapishi mashuhuri wa Kyoto walikuwa mstari wa mbele katika kuuombea utambuzi huo, lakini kilichoandikishwa si menyu ya mkahawa wowote. Ni desturi ya kijamii inayohusishwa hasa na mwaka mpya, wakati familia hukaa pamoja na kula mochi, yaani mikate ya mchele uliopondwa, katika supu, ambayo Kyoto huungwa kwa miso nyeupe, rojo tamu la soya iliyochachushwa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu ulikiri jambo ambalo historia ya obanzai inalithibitisha: chemchemi ya upishi wa taifa iko katika nyumba, na mikahawa huteka maji kutoka humo.

Kwa hiyo thamani ya mkahawa wa obanzai haipimwi kwa ukale wa paa lake wala kwa uzuri wa mabakuli yake. Inapimwa kwa mambo yanayoweza kuchunguzwa: kama unanunua kwa mkulima wa jirani na kubadilisha vitoweo anapobadilisha mazao, kama unapika ngozi ya mkunga na ganda la figili kwa uangalifu uleule wa minofu, na kama anayekula humo anaondoka na maarifa ya kupika japo kitoweo kimoja kwake. Wanawake waliobuni utaratibu huu hawakuacha majina yao, lakini waliacha mfumo uliolisha mji mkubwa kwa karne nyingi bila anasa na bila upotevu. Katika zama ambazo mataifa tajiri hutupa chakula kwa wingi, mfumo huo unastahili kusomwa kama elimu kamili, na elimu ya aina hii hubaki hai kwa kutendwa nyumbani, hata pale mikahawa inapoitangaza vizuri.